Bati la Kumi na Moja

Tulipokuwa tunakaa kambi ya reli, paa likivuja nilikwenda kwa mzungu wa majengo. Nilisimama mbele ya baraza yake, mtoto mgongoni, nikasema maji yanaingia. Alinitukana kidogo, akaandika kitu kwenye daftari, na baada ya juma moja au mawili alikuja mfanyakazi mwenye ngazi. Matusi yalikuwa ya bure na bati lilikuwa la bure. Wakati ule sikujua kwamba hiyo ilikuwa bei nzuri.

Kisha mume wangu akapata nyumba yake mwenyewe. Ilikuwa nyumba ya matofali kwenye siti, ndiyo mitaa ya watu weusi wa Kindu, si mbali na stesheni. Pamoja na nyumba tulipewa karatasi yenye mihuri miwili. Karatasi ilisema kwamba tukikatwa mshahara kila mwezi kwa miaka mingi sana, nyumba itakuwa mali yetu na ya watoto wetu. Mume wangu alikuwa karani wa mizigo wa reli, mtu wa karatasi tangu utoto, na nadhani aliipenda karatasi ile kuliko nyumba yenyewe. Aliitia ndani ya fremu ya kioo.

Msimu wa kwanza wa mvua, mvua ya alasiri ikaingia chumba cha nyuma. Nilimwambia mume wangu aende kuripoti. Akavaa viatu, akavaa kofia, akafika mlangoni, akasimama.

"Kwa nani?" akaniuliza.

Tulicheka siku ile mpaka machozi yakatutoka. Hatukucheka tena kwa sababu hiyo.

Lazima nieleze paa lenyewe. Nyumba tulipewa bila vyumba vya nyuma, kwa hiyo mume wangu aliongeza kimoja kwa nguvu zake. Mbele kulikuwa na mabati mapya, na alihakikisha yanapakwa rangi kila mwaka, kwa sababu mbele ndiko walikopita mabwana wa tume waliokuwa wanazunguka siti kuona ni mweusi gani anaishi kistaarabu. Mabwana hao walipita barabarani, hawakupita uani. Basi chumba cha nyuma alikiezeka kwa mabati aliyouziwa kwenye ghala moja lililobomolewa bandarini, mabati yenye kutu na matundu ya misumari ya zamani. Matundu aliyaziba kwa lami. Jua likipiga lami ililainika, mvua ikija ilitoka. Ndani ya chumba hicho akamweka mama yake. Simlaumu. Chumba cha mbele kilikuwa na kabati lenye kioo.

Wakati huohuo mimi nilikuwa nasoma shule ya akina mama, siku mbili kwa juma. Madamu mmoja Mbelgiji alitufundisha kufuma, kupiga pasi, na kutumia mshahara wa bwana kwa akili. Alitupa bahasha nne kila mmoja. Moja ya chakula, moja ya nguo, moja ya shule, na ya nne tuliandika kwa herufi kubwa: MATENGENEZO YA NYUMBA YASIYOTAZAMIWA. Kila mwezi, alisema, mwenye nyumba mwenye akili huweka kitu humo hata kama jua linawaka, maana nyumba haikuambii siku itakayoharibika. Tuliitikia wote. Madamu mwenyewe alikaa nyumba ya serikali. Bomba lake likivuja walikuja wafungwa kulitengeneza, wakiwa na askari mmoja wa kuwachunga, na yeye aliwapa maji ya kunywa.

Hata hivyo nilimsikiliza. Nilikuwa binti wa wakulima wa mpunga wa Kibombo, na mtu wa mpunga anajua maana ya kuweka mbegu. Bahasha niliitia ndani ya mkebe wa maziwa, mkebe nikauweka juu ya kabati lenye kioo. Fundi alikuja, akapima chumba cha nyuma, akasema mabati kumi na moja pamoja na misumari. Nikaanza kuweka. Nilipunguza mafuta, nikauza maandazi getini, nikamnyima mume wangu sukari ya pili kwenye chai. Baada ya miezi minne nilikuwa na bei ya mabati matatu.

Ndipo akafa mtu wa Kibombo, binamu wa baba yake mume wangu. Niliporudi kutoka sokoni nilikuta ndani ya mkebe karatasi ndogo yenye mwandiko mzuri sana: "Imetolewa kwa ajili ya kilio cha Kibombo." Chini yake aliweka tarehe na sahihi.

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Kwetu msiba tunauita kilio, na kwenye kilio mtu anayelipwa mshahara hafiki mikono mitupu. Njia ya reli ilijaa ndugu zake kuanzia Kindu hadi mbali huko kusini, na ndugu wengine walichimba madini upande wa Punia. Watu hao walikufa kwa zamu, kana kwamba walipangiana. Kila wakifa, mkebe wangu ulitoa. Lakini mume wangu hakuwa mwizi, alikuwa karani. Kila alichochukua alikiandikia bono, karatasi kama ile. Baada ya miaka mitatu mkebe wangu ulikuwa umejaa kabisa, umejaa bono.

"Ile feza iko ya bati!" nilimwambia. "Bati, baba! Haiko ya kilio!"

"Mama batoto," alinijibu kwa ile sauti yake ya upole inayotia hasira kuliko matusi, "batu batasema nini? Miye karani, nifike kule na mikono mitupu?"

Madamu alituambia tuweke akiba kwa yasiyotazamiwa. Hakutufundisha la kufanya ikiwa jambo lisilotazamiwa unalitazamia kila mwezi.

Sasa mama mkwe. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na sauti hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake duniani. Hakuna kilio kilichoanza vizuri kabla yeye hajafika. Aliingia na wimbo tangu barabarani, na hata watu waliomchukia marehemu walijikuta wanalia kwa kweli. Walimwita kutoka vituo vyote vya reli. Alilia watoto wa watu, wake wa watu, wazee wasio na mtu. Hakulipwa franka. Alipewa chakula na ahadi: siku yako, mama, tutakuja wote.

Mimi na yeye hatukupatana. Aliona nalisha mtoto wake kwa kipimo. Mimi niliona amezaa mtu asiyejua kusema hapana, na kwamba kosa hilo lilikuwa lake. Lakini mvua ikinyesha nilikwenda chumbani kwake na sufuria zangu zote, na tulisogeza kitanda pamoja bila kusemezana, kwanza ukutani, kisha katikati, kisha mlangoni. Alikuwa na kifua kibovu. Akikohoa, kitanda kilitikisika na maji kwenye sufuria yalitikisika. Nilikuwa namwogopea, na kwa kuwa sikujua namna ya kusema hivyo, nilimgombeza mume wangu.

Mwaka ninaouzungumzia, kiangazi kilipokuwa kinaisha, nilikuwa na bei ya mabati matano. Sikuwa nimewahi kufika hapo. Akafa mjomba mmoja ambaye mume wangu alikuwa amemwona mara moja tu, akiwa mtoto. Bono ilisema: "Imetolewa yote."

Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka. Nilisema nitarudi Kibombo. Nilisema maneno juu ya ukoo wake ambayo siwezi kuyaandika. Mume wangu akavaa kofia akaenda kazini, na siku ileile mvua ya kwanza ikaanguka, maji yakaingia chumba cha nyuma sehemu saba. Nilikuwa natia sufuria ya mwisho chini ya tundu wakati mama mkwe aliponishika mkono.

"Mukwe wangu, kuja, kaa hapa," alisema. "Unapigia mutoto wangu makelele bure. Hapa Kindu, muntu akisema nyumba yake inavuja, batu batamucheka. Akisema iko na kilio, batamupa mpaka shati. Feza iko mu kilio. Basi tuifuate kule."

Sikumwelewa. Akakohoa, akangoja pumzi, akaendelea.

"Miye nililia vilio vya batu mpaka sauti ikachoka. Kila muntu iko na deni yangu. Batalipa siku nitakufa, na miye sitaona hata bati moja. Hiyo njo akili gani?"

"Lakini mama, haujakufa."

"Njo maana niko na haraka."

Akanipa ujumbe, neno kwa neno. Mama wa karani anaumwa kifua. Hataki kuletewa kuku, hataki kuletewa mchele. Anataka kuona kibanda cha kilio chake, watakapokaa waombolezaji, kwa macho yake mwenyewe, na kibanda kiwe cha bati, kwa sababu mvua imeanza na hataki watu walowe kwa ajili yake. Kisha akanitajia watu kumi, kwa majina yao, na kwa kila mmoja maiti aliyemlilia. Hakukosea hata mmoja. Nilitoa ujumbe kwa wanawake wa kwetu wauza mpunga waliopanda treni ya asubuhi, na kwa dereva wa lori la Punia. Sikumwambia mume wangu. Nilijiambia kwamba sikusema uongo wowote: aliumwa kweli, na alitaka bati kweli.

Nilisahau kitu kimoja. Mizigo yote iliyokuja kwa treni ilipita mikononi mwa karani wa mizigo.

Siku ya tatu mume wangu alikuwa mezani kwake stesheni, kalamu mkononi, mpagazi akimsomea yaliyoshuka. Magunia ya mpunga. Mapipa ya mawese. Bati moja kutoka Kibombo, la kilio. Akaandika. Bati moja kutoka Samba, la kilio. Akaandika. La tatu, na la nne. Akauliza, kwa sababu ya kazi tu, kilio hicho cha nani. Mpagazi akatazama chini akamwambia, pole sana, karani, ni cha mama yako.

Alikuja mbio kutoka stesheni, kalamu ingali mkononi, mume wangu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia hata mvua. Aliwapita wageni wa treni waliokwisha kufika na kukaa uani, akanipita mimi, akaanguka magoti kando ya kitanda, akalia kama mtoto. Mama mkwe aliweka mkono juu ya kichwa chake, akamwacha alie kidogo, maana aliujua ubora wa kilio. Kisha akamwuliza:

"Mabati ilifika ngapi?"

Akamjibu kabla hajajua anachojibu. "Ine, mama."

Nilitoka nje. Nilicheka nyuma ya jiko nikiwa nimeuma kitambaa, na nilikuwa na aibu pia, maana kilio cha mume wangu kilikuwa cha kweli.

Alikasirika, bila shaka. Alisema mabati yarudishwe yote kwa treni ya kesho, na atalipa usafiri. Hapo ndipo mama yake alipomshinda. Mchango wa kilio haurudishwi kwa aliyeutoa. Kwetu, kumrudishia mtu kitu alicholeta kwa ajili ya kifo ni kumpelekea kifo mlangoni, na hakuna katika ndugu zake hata mmoja ambaye angelipokea bati lile. Katekista aliyekuja kumwombea mgonjwa alisema kwamba mambo hayo ni ya kishenzi. Kisha akasema, hata hivyo, asiyarudishe.

Watu walikaa siku nne. Walikula mpunga wangu, wakaniambia pole. Kila asubuhi walimwuliza mama ameamkaje, na mama aliamka vizuri kuliko jana, kwa sababu alikuwa anakula mchuzi wa kuku na kuzungumza na watu aliowapenda. Wakati katekista akisali aliitikia amina kwa sauti iliyosikika barabarani. Siku ya tano wakaanza kukumbuka mashamba yao. Wa Punia ndiye aliyechelewa. Lori lilikuwa limezama matopeni siku tatu, akafika na bati lililokunjika katikati, akalia kwa nguvu kumpita kila mtu hadi mgonjwa akatoka nje kumnyamazisha.

Walipoondoka mabati kumi yalibaki yameegemezwa ukutani, yakinyeshewa.

"Bati zangu zitaoza hivi zikiningoja," mama mkwe alimwambia mtoto wake. "Uziweke kwanza juu ya chumba. Siku yangu ikifika, utazishusha mujenge kibanda."

Mume wangu alifikiri siku nzima. Aliona ni jambo la haki, kwa sababu lilikuwa na kuweka na kutoa, kama hesabu za daftari. Kwanza aliandika kila bati kwa rangi nyeupe upande wa chini, kama mizigo ya stesheni: Kibombo, Samba, Punia, na vituo vingine vyote. Kisha fundi akayapigilia. Yalikuwa kumi. Chumba kilitaka kumi na moja, na upande wa mlango likabaki pengo la bati moja.

Watu wa nyumbani wote wakanitazama mimi.

"Na wewe, mukwe?" mama akasema. "Kumi baliniletea. Yako iko wapi?"

Nilikuwa bado naosha vyombo vya watu wa siku nne. Nikamwambia kwamba bati langu wageni wake wamelila pamoja na samaki. Akacheka hadi akakohoa. Fundi akarudisha pale bati moja la zamani lenye lami, na kila mvua ikinyesha tone moja liliangukia hapo mlangoni, ndani ya sufuria moja, ti, ti, ti.

Tangu siku ile hakusogeza kitanda tena. Alilala chali akitazama paa lake. Hakujua kusoma, lakini alikariri mpangilio, na alimwonyesha kila mgeni: lile nililipata kwa mtoto wa fulani, siku mbili nililia, lile kwa bibi wa fulani, alikuwa mtu mbaya lakini nililia. Mvua ikianza na sufuria ikianza kulia, aliniita kutoka kitandani.

"Mukwe! Bati yako iko wapi?"

"Nitaleta siku ya kilio, mama, sawa na benzako."

Mwanzoni tulisema hivyo kwa kuchokozana. Baadaye ikawa ndiyo salamu yetu. Mume wangu alisikia, akatikisa kichwa, akasema wanawake wana maneno mengi.

Na mkebe, jambo la ajabu, ukaanza kujaa. Ndugu walikuwa na haya ya kuja kwetu na habari za vifo, kwa sababu kila aliyekuja aliingizwa chumba cha nyuma kuonyeshwa bati lake na kuambiwa lisipate kutu. Bono zikapungua. Nikapata bei ya bati moja. Nikapata ya mawili. Kwa mara ya kwanza fedha zilikaa ndani ya bahasha ya Madamu, na maandishi yake yalikuwa ya kweli.

Siku moja nikaenda duka la Mgriki kununua bati la kumi na moja. Muuzaji akanishushia moja zuri, jipya, linalong'aa. Nililigonga kwa kidole. Kisha nikasema limekunjika pembeni, nikaondoka. Halikuwa limekunjika. Mwezi uliofuata nilirudi, nikasema ni jembamba.

Nitasema wazi kilichokuwa kinanisumbua, ingawa bado kinanitia haya. Mama alikuwa ameomba kuona kibanda chake kabla ya kufa, na kibanda kilikuwa cha mabati kumi na moja. Maadamu pengo lilikuwepo, kibanda kilikuwa hakijaisha. Mimi niliyesomeshwa utotoni na masista, niliyewacheka watu wa ukoo ule kwa kuogopa bati lililorudishwa, mimi nilikuwa naogopa bati ambalo halijaletwa. Nilikuwa nampenda yule mwanamke. Nilitaka aendelee kuniuliza liko wapi. Kwa hiyo nikawa mwenye nyumba wa pekee katika siti nzima aliyekuwa na fedha za matengenezo juu ya kabati, na tundu kwenye paa, na asiyetengeneza. Mume wangu aliniuliza mara moja fedha zile zinangoja nini. Nikamwambia: ni za bati, usiziguse. Hakuzigusa.

Ilipita misimu mitatu ya mvua hivyo. Wa nne ulipokaribia, nilikwenda Kibombo kuwasaidia wazazi wangu kuvuna, nikakaa majuma mawili. Nilirudi na magunia mawili ya mpunga, moja nikaliuza palepale stesheni. Nikafika nyumbani, nikapanda kiti, nikashusha mkebe ili nitie fedha. Ndani ya bahasha palikuwa na bono.

Nilifikiri: amekufa nani tena? Nikaifungua nikiwa tayari na maneno yangu yote ya zamani. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

"Imetolewa kwa ajili ya bati moja na misumari. Matengenezo ya nyumba."

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Nikasikiliza, na sikusikia sufuria.

Nilikwenda chumba cha nyuma. Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma, akitabasamu. Alikuwa amelipigilia mwenyewe siku ya Jumapili. Lilikuwa bati zuri, lilelile la Mgriki labda, na upande wa chini alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: Kindu. Sakafu ilikuwa kavu hadi mlangoni. Mama mkwe alikuwa amelala chali, shuka hadi kidevuni, macho juu.

"Mukwe," alisema, "bati yako ilifika."

Hakucheka. Jibu letu lilikuwa moja tu, na lilikuwa limekwisha kutumika.

Alikufa mvua zilipokolea. Kifua kilikuwa kibovu tangu zamani, na mganga wa hospitali alikuwa ametuambia mwaka mzima kabla. Bati haliui mtu. Nalijua hilo vizuri sana. Alikufa mchana, chumba kikiwa kikavu, mkono wake ndani ya mkono wangu.

Walikuja wote, kama walivyoahidi. Mume wangu akaleta ngazi ashushe mabati, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Alipanda vipandio viwili, akasimama na nyundo mkononi, akashuka tena. Hakuna aliyemwuliza. Wakajenga kibanda cha majani, mvua ikakipenya siku ya kwanza, na wale watu kumi aliotaka wasilowe wakalowa hadi mifupani. Waliochoka waliingia chumba cha nyuma kwa zamu, na niliona kila mmoja akiinua macho kutafuta kituo chake, kisha akienda kukaa chini yake. Mchango ulikuwa mwingi. Ungetosha kuezeka nyumba nzima upya, mbele na nyuma. Hakuna aliyejua kuanza wimbo, kwa sababu mwenye kuanza alikuwa ndiye tunayemlilia.

Walipokwisha kuondoka nilimfuata mume wangu mezani, alikokuwa anaandika majina ya waliochanga. Niliweka ile bono mbele yake. Nilimwuliza nani alimtuma. Nilimwuliza kwa nini hakuningoja, kwa nini hakuniuliza, miaka yote ile ametoa fedha zangu kwa watu asiowajua na siku moja tu, moja, akaona atengeneze. Nilipiga kelele kuliko siku ya mjomba. Nililia mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimefanya kaburini.

Aliweka kalamu chini. Macho yake yalikuwa mekundu, naye alinitazama kama mtu aliyepigwa bila kosa.

"Mama batoto," alisema, "lakini si ulisema ile feza iko ya bati?"

Ndiyo, nilikuwa nimesema. Miaka yote ile nilikuwa nimesema hivyo tu.